Maji Yasiyoandikwa Juu ya Mfuko wa Saruji

Yafuatayo ni maandishi kamili ya mazungumzo yaliyotangazwa katika mfululizo wetu wa sayansi na mazingira.



Leo ningependa tuutazame kwa makini mfuko wa saruji. Kitu hiki si kigeni kwetu. Sisi tulio ughaibuni, fedha tunazozituma nyumbani mara nyingi hugeuka saruji, nondo, mabati na vigae, na tunapopiga simu kumuuliza ndugu au fundi maendeleo ya nyumba, neno la kwanza huwa ni bei ya mfuko. Juu ya mfuko huo pamechapwa namba, aghalabu 32.5 au 42.5. Fundi anaielewa vyema: ni kipimo cha nguvu ambayo saruji hiyo inapaswa kuifikia baada ya siku 28. Pameandikwa pia uzito, kilo 50, jina la kiwanda, na alama ya shirika la viwango. Lakini mfuko haumwambii mnunuzi ni maji kiasi gani yaliyotumika kuitengeneza saruji hiyo, yalichotwa wapi, na yalirudishwa katika hali gani.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika mazungumzo haya nitaeleza jinsi daftari la maji ya bidhaa za ujenzi linavyoandikwa hivi sasa duniani, na kwa nini namba iliyoandikwa humo haitoshi iwapo haikufuatana na jina la mahali.

Tuanze na chimbuko la fikra yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Profesa Tony Allan wa Chuo Kikuu cha London alikuwa akichunguza ni vipi nchi kame za Mashariki ya Kati ziliweza kuishi na uhaba mkubwa wa maji bila ya kupigana kwa ajili yake. Jawabu alilolipata lilikuwa rahisi na la kushangaza: nchi hizo zilikuwa zikiyaagiza maji kutoka ng'ambo, yakiwa yamejificha ndani ya magunia ya nafaka. Aliyeinunua tani ya ngano alikuwa amenunua pia maji yaliyoikuza ngano hiyo katika ardhi ya mtu mwingine. Kwa kazi hiyo Profesa Allan alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2008.

Mwaka 2002, mtaalamu wa Kiholanzi, Arjen Hoekstra, aliyekuwa akifundisha katika mji wa Delft, aliipeleka fikra hiyo hatua moja mbele na kuanzisha kipimo kilichokuja kuitwa unyayo wa maji. Yeye na mwenzake Ashok Chapagain ndio waliokokotoa kwamba kikombe kimoja cha kahawa kimebeba takriban lita 140 za maji, tangu mbuni unapomea shambani hadi kahawa inapomiminwa. Hoekstra aliyagawa maji hayo kwa rangi. Maji ya buluu ni yale ya mito, maziwa na visima. Maji ya kijani ni mvua inayohifadhiwa na udongo na kunywewa na mimea. Maji ya kijivu ni kiasi cha maji safi ambacho kingehitajika ili kuuzimua uchafu unaotupwa mtoni hadi mto urudi katika kiwango kinachokubalika. Hoekstra alifariki dunia mwaka 2019, lakini kipimo chake kimebaki.

Kwa muda mrefu hesabu hizi zilihusu chakula na pamba zaidi kuliko majengo, na sababu yake inaeleweka, kwani kilimo peke yake huchukua kiasi cha asilimia 70 ya maji baridi yanayotolewa na binadamu mitoni na ardhini. Zege ilionekana kuwa kitu kikavu. Mwaka 2018 watafiti watatu wa vyuo vikuu vya California, Sabbie Miller, Arpad Horvath na Paulo Monteiro, walichapisha uchunguzi ulioibadilisha picha hiyo. Waligundua kwamba katika mwaka 2012 utengenezaji wa zege ulichukua asilimia 9 ya maji yote yaliyotumiwa na viwanda duniani, sawa na takriban asilimia 1.7 ya maji yote yaliyochukuliwa na binadamu kwa matumizi ya kila aina. Onyo lao lilikuwa zito zaidi: ifikapo mwaka 2050, robo tatu ya mahitaji ya maji ya zege huenda yakawa katika maeneo yanayotarajiwa kuwa na shida ya maji. Kwa maneno mengine, dunia inajenga kwa kasi zaidi pale ambapo visima vyake ni haba zaidi.

Je, maji hayo yanaingia wapi? Tuifuate safari ya zege hatua kwa hatua.

Safari huanza machimboni. Mawe ya chokaa huchimbwa na kusagwa, na vumbi hutulizwa kwa kunyunyiziwa maji. Kiwandani, mawe hayo huchanganywa na udongo na kuchomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, hadi yawe madonge magumu yaitwayo klinka. Zipo njia mbili za kufanya hivyo. Katika njia ya zamani, malighafi husagwa pamoja na maji ikawa uji mzito, ambao takriban theluthi yake ni maji, na maji yote hayo hulazimika kukaushwa kwa moto ndani ya tanuri. Hasara huwa ni maradufu, ya maji na ya mafuta. Katika njia ya kisasa, malighafi huingia ikiwa kavu, na maji yanayobakia kuhitajika ni hasa ya kupoza mitambo na gesi za moto. Hivyo mifuko miwili iliyochapwa 42.5 inaweza kuwa na historia tofauti kabisa za maji, na mnunuzi asijue.

Kisha huja mchanga na kokoto, ambazo mara nyingi huoshwa ili kuondoa udongo na chumvi. Baadaye ni mchanganyiko wenyewe. Kwa wastani, nusu lita ya maji huenda na kila kilo ya saruji, yaani kiasi cha lita 25 kwa mfuko mmoja. Sehemu ya maji hayo, chini kidogo ya robo ya uzito wa saruji, huungana nayo kikemia na kugeuka jiwe. Hayo hayarudi tena mtoni, kwani yamekuwa sehemu ya nyumba. Yanayosalia hukauka polepole na kupotelea hewani. Hatimaye ipo kazi ambayo kila fundi wetu anaijua, kumwagilia zege na matofali kwa siku saba au zaidi ili yakomae bila kupasuka, na kuosha mashine na magari ya kuchanganyia.

Mpaka hapo tumehesabu maji yaonekanayo kwa macho. Lakini umeme uliozungusha mashine za kusagia nao ulitumia maji, ama kwa kupoza mitambo ya mvuke, ama kwa mvukizo wa bwawa. Na nondo zilizomo ndani ya nguzo zina historia yao: mgodi wa chuma, tanuru, na maji ya kupozea. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2018, ambao Hoekstra alishiriki akiwa pamoja na Winnie Gerbens-Leenes, ulipima chuma cha pua, chuma cha kawaida, saruji na kioo, ukaonesha kwamba maji ya kijivu ya bidhaa hizo, yaani yale ya kuzimua uchafu, huzidi maji ya buluu kwa mara 20 hadi 220. Madhara makubwa, basi, huenda yakawa katika kile kinachotiririka nje ya bomba la kiwanda kuliko katika kile kilichoingia.

Sasa tuje kwenye upimaji. Mhasibu wa maji hukabiliwa kwanza na tofauti moja ya msingi, tofauti baina ya kuchukua maji na kuyamaliza. Kiwanda kinachochota lita milioni moja mtoni na kurudisha laki tisa zikiwa safi kimechukua milioni, lakini kimemaliza laki moja. Atakayetaka kumshutumu mwenye kiwanda atataja milioni, na atakayetaka kumtetea atataja laki. Zote mbili ni namba za kweli, na ndiyo maana pana haja ya kanuni.

Kanuni zipo. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango namba 14046 kinachoeleza jinsi ya kupima unyayo wa maji wa bidhaa, wa shughuli au wa taasisi, kwa kuitazama bidhaa tangu kuzaliwa kwake hadi kufa kwake. Kwa upande wa majengo kuna hati inayojulikana kama tamko la mazingira la bidhaa. Hii ni taarifa ambayo mtengenezaji huiandaa kwa kanuni zilizokubaliwa, ikakaguliwa na mtaalamu asiyefungamana naye, na aghalabu hudumu kwa miaka mitano kabla ya kuhitaji kufanywa upya. Barani Ulaya matamko ya bidhaa za ujenzi hufuata kiwango kiitwacho EN 15804, kilichotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa kwa kina mwaka 2019.

Msikilizaji akilifungua tamko la namna hiyo atakuta majedwali marefu, na ndani yake mistari miwili inayohusu maji. Mstari wa kwanza hueleza kiasi halisi cha maji baridi yaliyomalizwa, kwa mita za ujazo. Mstari wa pili, uliotiwa nguvu na marekebisho ya mwaka 2019, hueleza jambo gumu zaidi: ni kwa kiasi gani matumizi hayo yamewanyima wengine maji.

Mstari huo wa pili unastahili kuelezwa vizuri. Lita moja iliyochotwa katika nchi yenye mvua tele si sawa na lita moja iliyochotwa ukingoni mwa jangwa. Kwa miaka kadhaa, chini ya mwavuli wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, wataalamu walijadiliana hadi wakakubaliana juu ya njia iitwayo AWARE, iliyochapishwa rasmi mwaka 2018. Njia hiyo hulitazama kila bonde la mto na kuuliza: baada ya binadamu na viumbe wa majini kupata mahitaji yao, ni maji kiasi gani yanayobaki kwa kila eneo la ardhi? Jibu hulinganishwa na wastani wa dunia, na kila bonde hupewa kizidisho kati ya 0.1 na 100. Bonde lenye kizidisho 10 ni lile ambalo maji yake yanayobaki ni machache mara kumi kuliko wastani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Viwanda viwili vinatengeneza vigae vya aina moja, na kila kimoja kinamaliza lita 200 kwa tani. Kwenye mstari wa kwanza wa tamko, vinalingana kabisa. Cha kwanza kipo katika bonde lenye kizidisho 0.5, hivyo mstari wake wa pili utasomeka mita za ujazo 0.1. Cha pili kipo katika bonde lenye kizidisho 50, na mstari wake utasomeka mita za ujazo 10, yaani mara mia moja zaidi. Kigae ni kilekile, na lita ni zilezile. Kilichobadilika ni jirani anayechota maji upande wa pili wa ukuta wa kiwanda.

Hapa ndipo daftari linapokuwa na thamani, na hapa pia ndipo linapoweza kupotosha. Kiwango hicho cha Ulaya chenyewe kinaagiza kwamba matokeo ya mstari wa pili yatumiwe kwa uangalifu, kwa kuwa mashaka yaliyomo ni makubwa na uzoefu bado ni mchache. Mashaka hayo yanatoka wapi?

Kwanza, yanatoka kwenye wastani. Vizidisho vya AWARE vilikokotolewa kwa kila mwezi na kwa kila bonde, lakini anayeandaa tamko, iwapo hajui malighafi yake ilichimbwa wapi hasa, hutumia wastani wa nchi nzima au hata wa dunia. Fikirieni nchi kama Kenya au Tanzania, zenye nyanda za juu zinazopata mvua nyingi na nyika ambako ng'ombe hufa kwa kiu. Wastani wa nchi kama hizo hauelezi hali ya Kericho wala hauelezi hali ya Turkana, na wastani wa mwaka huuficha mwezi ule ambao mto umekauka.

Pili, yanatoka kwenye bahari. Wasikilizaji wetu wa Oman na nchi za Ghuba wanajua kwamba maji ya miji yao kwa sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Katika hesabu za aina hii, maji ya bahari kwa kawaida hayahesabiwi kuwa maji baridi. Matokeo yake ni kwamba bidhaa iliyotengenezwa kwa maji hayo inaweza kuonekana haikunywa kitu, ilhali gharama imehamia kwenye mstari mwingine wa jedwali, ule wa nishati na gesi joto, huku maji yenye chumvi kali yakirudishwa baharini. Anayesoma mstari mmoja tu hukosa nusu ya habari.

Tatu, yanatoka kwenye uchafu. Yale maji ya kijivu ambayo Hoekstra na wenzake waliyaona kuwa makubwa kuliko yote hayamo katika mistari ile miwili. Uchafuzi huwekwa mbali, kwenye mistari ya rutuba ya ziada majini na ya sumu. Si hila, bali ni mpangilio wa hesabu. Lakini mtu asiyejua anaweza kudhani kuwa namba ndogo ya maji maana yake ni mto safi.

Pamoja na dosari hizo, wapenzi wasikilizaji, uwazi umekwisha kuanza kuwa na nguvu sokoni. Mpango wa Marekani wa kuyapa majengo daraja la mazingira, LEED, katika toleo lake la mwaka 2013, ulianza kuyapa alama majengo yanayotumia walau bidhaa 20 zenye matamko ya mazingira. Shirika la CDP lenye makao yake London lilianza mwaka 2010 kuyapelekea makampuni makubwa dodoso kuhusu maji kwa niaba ya wawekezaji. Na sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa za ujenzi, iliyoingia katika nguvu Januari 2025, inageuza hiari kuwa wajibu kwa awamu: kwanza gesi joto, kisha vipengele vingine, matumizi ya maji yakiwamo, kadiri viwango vya kila aina ya bidhaa vinavyopitishwa. Mtengenezaji wa Asia au Afrika anayetaka kuuza Ulaya atatakiwa naye aoneshe daftari lake.

Zipo hoja dhidi ya mwelekeo huu, na haifai kuzipuuza. Kuandaa tamko ni gharama: mtaalamu wa hesabu, kanzidata za kulipia, mkaguzi, ada ya usajili. Kiwanda kikubwa kitamudu. Kijana mwenye mashine moja ya kufyatulia matofali kando ya barabara hatamudu, hata kama matofali yake yametumia maji machache kuliko ya kiwanda. Soko likidai karatasi pekee, litamwadhibu asiye na karatasi, si mwenye kupoteza maji. Wapo pia wenye viwanda wanaosema kwamba takwimu za kina zitawafichulia washindani siri za uzalishaji.

Hoja ya kwanza ni ya haki, na dawa yake ni kuwa na matamko ya pamoja, ambapo watengenezaji wadogo wa eneo moja hupimwa kwa wastani wao na kugawana gharama. Utaratibu wa matamko ya pamoja ya vyama vya wazalishaji umekwisha kutumika Ulaya na Marekani. Hoja ya pili ina uzito mdogo zaidi. Jina la bonde na kiasi cha maji kilichochotwa si siri ya kiufundi. Hiyo ni habari ya mali ya watu wote.

Na hapa ndipo ningependa kutia mkazo. Matamko haya, kwa yalivyo leo, yameandikwa kwa ajili ya msanifu majengo aliyeko Stockholm au Chicago, anayetaka kuchagua kigae. Mkulima anayeishi kando ya kiwanda, ambaye kisima chake ndicho kinachoshuka, hakuandikiwa yeye. Hati haitaji kisima chake, haitaji mwezi wa kiangazi, na mara nyingi haiko katika lugha yake.

Wasikilizaji wetu wa Oman wana mfano ulio bora zaidi mlangoni mwao. Katika mifereji ya falaj, mitano kati yake ikiwa imeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, maji yamegawanywa kwa karne nyingi kwa zamu za muda. Zamu iitwayo athar ni ya nusu saa hivi. Mchana ilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, na usiku kwa nyota. Kipimo hicho hakikuwa na usahihi wa maabara. Lakini kila mwenye shamba alikiona, alijua zamu ya nani imeanza na ya nani imekwisha, na aliweza kulalamika papo hapo. Kipimo kilikaa mahali maji yalipo, mbele ya wanaoyategemea.

Daftari la maji ya viwandani linahitaji sifa hiyo. Lieleze kiasi, kwa kutenganisha yaliyochukuliwa na yaliyomalizwa. Litaje bonde au kisima, badala ya nchi tu. Lioneshe miezi, badala ya mwaka mzima. Lieleze maji yaliyotoka kiwandani yalikuwa na nini ndani yake. Na nakala yake ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji kilicho jirani, sawa na inavyowekwa kwenye tovuti ya msambazaji.

Sisi tunaotuma fedha za ujenzi tuna sauti, japo ndogo. Anayenunua mifuko mia mbili anaweza kumuuliza wakala: kiwanda hiki kinatumia njia kavu au ya uji? Maji yake ni ya mto, ya kisima au ya bahari? Kina tamko la mazingira, na kama kinalo, takwimu zake ni za kiwanda chenyewe au ni za wastani wa dunia? Nyumbani kwenyewe, fundi anaweza kufunika zege kwa magunia mabichi au nailoni badala ya kuimwagia maji yanayokauka saa hiyohiyo, na kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya kazi. Huenda wakala asiwe na jibu leo. Lakini namba ile ya 32.5 au 42.5 nayo haikuteremka yenyewe juu ya mfuko. Ilichapwa kwa sababu wajenzi walitaka kujua nguvu ya kile wanachokinunua, na viwango vikawalazimisha wenye viwanda kuitaja.